Sentensi Niliyoikata Rwamgasa

Kazi yangu ni kuwaandikia watu maneno ya kusema mbele ya simu. Hapa Kambarage ninakoishi, mjini Shinyanga, wengi hawajui waiite nini kazi hiyo. Mama mwenye nyumba huwaambia wageni kwamba mpangaji wake wa chumba cha uani anaongea peke yake, na hajakosea, maana kila skripti naisoma kwa sauti nikizunguka chumbani, saa ikihesabu, kabla sijamkabidhi mwenyewe. Nimeandikia saluni, fundi wa makochi, muuza vipuri vya mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mchungaji mmoja aliyetaka mahubiri ya dakika moja, akaimaliza dakika yote kwa kujitambulisha. Mteja akiona aibu kusema, nasema mimi. Najifungia kabatini katikati ya vitenge ili mwangwi usiingie, natoka nimelowa jasho.

Nina kiburi na kazi hii, niseme tu ukweli. Si kiburi cha kuandika, ni cha kukata. Mtu ananiletea kurasa mbili, namrudishia mistari tisa, na mistari tisa ile inasema yote. Nilikuwa na kanuni zangu mbili nilizowafundisha hata wale ambao hawakuniuliza. Ya kwanza, sekunde tatu za mwanzo zimkamate mtu kabla kidole chake hakijapita. Ya pili, usimkataze mtu, mwagize. Mtu akisikia makatazo anaona anagombezwa, anaenda zake. Kwa hiyo "usiache chakula wazi" kwangu ilikuwa "funika chakula," na "usichelewe kliniki" ilikuwa "wahi kliniki." Mkono wangu ulizoea kugeuza hivyo hata bila kuniomba ruhusa.

Mwaka jana mradi mmoja wa afya ukanipa kazi ya video fupi kwa ajili ya wanawake wa Rwamgasa, kule Geita, wanaoosha dhahabu mwaloni. Mwalo ni uwanja wa kuoshea mawe yaliyokwisha kusagwa. Pale wanachanganya zebaki na mchanga, zebaki inashika chembe za dhahabu, linapatikana donge. Donge linachomwa, zebaki inatoka kama moshi, inabaki dhahabu. Moshi ule ni sumu, na kwa mwenye mimba unamfikia hata mtoto tumboni. Wengi huchomea kwenye jiko la mkaa lile lile la kupikia ugali. Afisa wa mradi alinipa maelezo ya mtaalamu, kurasa tatu, nami nikazikata mpaka dakika moja kamili. Nilijipongeza kwa soda.

Siku ya kurekodi tulianza asubuhi. Aliyechaguliwa kusema ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa mwalo, mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, Msukuma, ambaye ameosha dhahabu tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na mtu mzima humwita hivyo hata binti yake. Akanishika mkono na hakuuachia mpaka alipomaliza kuuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua za Shinyanga, za safari, na kama nilikunywa chai.

Nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza, karatasi ikitetemeka mikononi mwake. Nikamwambia asiogope, simu haiumi. Akacheka, na wenzake waliokuwa wakiosha pembeni wakacheka pia. Nilidhani wanamcheka yeye.

Skripti ilianza na sentensi niliyoipenda kupita kiasi: "Mama, moshi wa jikoni kwako unakumaliza." Nikabonyeza. Mwenyekiti akaikazia macho simu, akaanza.

"Mwangaluka baba na mama. Mhola? Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Mimi ni mama yenu wa mwalo wa hapa Rwamgasa, tumeamka salama, tunamshukuru Mungu. Ninyi huko mmeamkaje?"

Kisha akanyamaza, akasubiri. Nikasimamisha.

"Mama, salamu haimo kwenye karatasi."

"Nimeona haimo. Nikajua umesahau."

"Sikusahau. Watu wa simu hawasubiri salamu."

"Basi hao hawatanisikia," akasema, bila hasira hata kidogo. "Nitaanzaje kumwambia mtu anakufa na sijamwamkia? Si atasema nimemjia na ugomvi?"

Tulijaribu mara tatu, na mara zote tatu aliwaamkia baba na mama. Salamu ilikula sekunde kumi na saba. Jua lilikuwa linapanda, betri inashuka, na mradi ulitaka dakika moja, si dakika na robo. Nikachuchumaa, nikaiweka karatasi gotini, nikaanza kukata. Nilikata kwa hasira, kama mtu anayemenya viazi na wageni wameshafika.

Katikati ya skripti palikuwa na sentensi hii: "Usidhani ukiloweka kitambaa na kufunika pua umepona, moshi wa zebaki unapita." Ilikuwa ndefu, na ilikuwa katazo. Mkono ukafanya ulichozoea. Nikaifuta, nikaandika juu yake: "Loweka kitambaa, funika pua na mdomo." Sekunde nne zikapatikana hapo hapo. Sentensi ya mwisho, iliyoeleza chombo cha chuma chenye mfuniko kinachozuia moshi usitoke, nikaibakiza maneno matano: "Kikundi kina chombo, karibu uulize."

Mwenyekiti alipofika kwenye mstari wa kitambaa wakati wa kujaribu, alisita.

"Kitambaa, mayu?"

"Ndiyo mama, kitambaa," nikajibu. Nilikuwa naangalia betri.

Akasema kama nilivyoandika. Tulipomaliza, binti mmoja mwenye mimba kubwa, aliyekuwa amekaa juu ya kiroba cha mawe akitutazama tangu mwanzo, akaniita.

"Dada, kumbe ni kitambaa tu? Mimi nilikuwa nampa mtu anichomee, naogopa moshi kwa ajili ya huyu." Akajishika tumbo. "Sasa nitachoma mwenyewe."

Nilifurahi mno. Maneno yake niliyaandika kwenye ripoti, neno kwa neno, kama ushahidi kwamba video inafanya kazi hata kabla haijatoka. Afisa naye aliipitisha siku hiyo hiyo. Alisema salamu imeipa uhalisia, na nikaipokea sifa hiyo bila kusema ni ya nani. Video ikaingia kwenye ukurasa wa mradi, kutoka hapo ikaingia kwenye magrupu, na magrupu hayana mlango.

Baada ya wiki moja afisa akaniomba niyaandike maneno chini ya picha, kwa ajili ya wanaotazama bila sauti. Ni kazi ya kusikiliza na kuchapa tu. Nilikaa mezani na chai na kiazi, nikawa nasikiliza kipande, nachapa, nasikiliza kipande, nachapa. Nikachapa: "Loweka kitambaa, funika pua na mdomo." Nikasubiri kipande kinachofuata, kile cha moshi unaopita. Kikaja kile kinachoagiza kuchomea nje. Nikarudisha nyuma. Kikaja tena cha kuchomea nje.

Nikaitafuta karatasi ya zamani kwenye mkoba, na chini ya mistari ya kalamu yangu nikasoma nilichokifuta. Niligundua kwamba kile mtaalamu alichotaka watu waonywe, mimi nimekiagiza. Na sikumfikiria mtazamaji yeyote mwingine kwanza. Nilimfikiria yule binti juu ya kiroba.

Nikampigia mwenyekiti, hapatikani. Simu yake huchajiwa dukani, kuna siku inalala huko huko. Nikampigia afisa, akashtuka kama mimi, maana naye aliitazama na kuipitisha. Video ikaondolewa ukurasani kabla ya saa sita mchana. Lakini iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu, huiondoi. Namba ya yule binti sikuwa nayo. Sikuwa hata nimemuuliza mimba ina miezi mingapi.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi la Kahama. Njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu mbaya: kama alipata mawe siku ile, yakasagwa siku mbili, akaosha siku ya tatu, basi ameshachoma. Kama mashine ilikuwa na foleni, bado. Niliiombea foleni, mimi ambaye kupanga foleni benki kunanitia kichaa.

Tulipofika Kagongwa basi likasimama, wauza mchele wakaja madirishani na vimifuko vya kuonjesha macho. Siti ya nyuma yangu mzee mmoja mfugaji alikuwa na simu ya mjukuu wake, anatazama video moja baada ya nyingine kwa sauti ya juu. Mara nikaisikia sauti ninayoijua: "Mwangaluka baba na mama. Mhola?"

"Mhola mayu," mzee akaijibu simu. "Mwangaluka."

Nikageuka kama nimechomwa na sindano. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba video hiyo ina kosa, kitambaa hakizuii moshi wa zebaki, na aliyekosea ni mimi. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akaniambia yeye ni wa ng'ombe, dhahabu haijui, ila huyo mama ana adabu, ndiyo maana amemsikiliza mpaka mwisho. Nikarudi kutazama mbele. Adabu ilikuwa imepeleka kosa langu mbali zaidi, na hilo nalo likaniuma.

Kahama nikabadilisha gari, na kutoka Geita mjini nikachukua bodaboda. Mwaloni nilimkuta mwenyekiti ameinama kwenye beseni. Nilitaka kumvamia na swali langu, lakini akasimama, akafuta mikono kwenye kanga, akanipa mkono. Nikamwamkia. Akaitikia. Nyumbani? Wazima. Wazazi? Wazima. Mvua? Zimenyesha. Mahindi? Yanaota. Chai? Sijanywa. Nikawa natikisa miguu kama mtoto aliyezuiwa kwenda msalani, lakini mkono wangu ulikuwa kwake.

"Mama," nikasema mwishowe, "kitambaa kile nilikosea. Hakizuii kitu. Niliikata sentensi vibaya."

Akanitazama, kisha akaniachia mkono.

"Najua hakizuii."

Sikuelewa. Akaninyooshea mikono yake yote miwili hewani, viganja chini. Ilikuwa inatetemeka, pale mwaloni, hakuna simu, hakuna karatasi, hakuna wa kumwogopa.

"Mimi kitambaa nimekifunga miaka mingi," akasema. "Hii ndiyo faida yake."

Nilikumbuka nilivyomwambia simu haiumi, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi alikubali kuyasema maneno yale.

"Nilikuuliza, ukasema ndiyo. Nikasema huyu amesoma, anatoka mjini na karatasi, labda siku hizi kuna kitambaa kingine." Akaona uso wangu, akanionea huruma. "Tulia mayu. Waliokuja nimewaambia."

"Waliokuja wapi?"

"Kwangu. Si niliwasalimu? Mtu akisalimiwa anaitikia. Wanaonijua wakaona mama kawaamkia kwenye simu, watanyamazaje? Wamekuja, wengine wamepiga, mpaka simu ikaisha chaji. Wamekuja wa Rwamgasa, wamekuja wa machimbo ya jirani. Kila aliyekuja kuitikia nimemkalisha, nikamwambia: lile la kitambaa aliandika mtoto wa watu ana haraka, wewe njoo uchukue chombo cha chuma."

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Sekunde kumi na saba nilizozilaani, nilizokuwa tayari kuzikata kama ningepata nafasi, ndizo zilizokuwa zinazunguka nyuma yangu zikisafisha. Nilijisikia mwepesi ghafla, nikataka kucheka. Mwenyekiti akaanza kunihesabia kwa vidole: mke wa fundi wa mashine ya kusaga mawe, wale dada wawili wa Kigoma, mama wa mgahawa, wajane wa upande wa pili wa barabara. Nikawa namsikiliza nikisubiri mmoja. Hakumtaja.

"Na yule binti mwenye mimba?"

Vidole vikasimama.

"Yule hakuja," akasema taratibu. "Yule angekujaje? Alikuwa hapa hapa tukirekodi. Tulisalimiana kwa mkono asubuhi ile. Hana salamu ya kuitikia, nami nilijua huchomewa na mtu mwingine. Na tangu juzi simwoni mwaloni. Juzi ndiyo alimaliza kuosha."

Hakuna aliyesema twende. Mwenyekiti aliliacha beseni na dhahabu yake humo ndani, jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamke yeyote wa mwalo akilifanya, akatangulia. Ni mwendo wa dakika kumi na tano kupita katikati ya vifusi na vibanda vya mabati. Mimi nilitembea nyuma yake nikisali, na nilisali vibaya, nilimwambia Mungu aniadhibu mimi kwa namna yoyote atakayoona, ila si kwa namna hiyo.

Kutoka mbali tuliona moshi nyuma ya nyumba. Mwenyekiti ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha chochote akaanza kukimbia, mkono mmoja umeshika kanga. Nikampita. Nilifika uani bila hodi, bila shikamoo, bila hamjambo.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anachemsha maharage.

Niliangalia ndani ya sufuria. Maharage. Nikaangalia pembeni ya jiko, chini ya kigoda, juu ya dirisha. Pale dirishani palikuwa na kopo dogo la bati, na kando yake kipande kipya cha kanga kilichokatwa vizuri na kukunjwa.

"Dada wa video!" akasema kwa furaha. "Karibu. Mbona unahema?"

"Umechoma?"

"Nini?"

"Dhahabu. Umeshachoma?"

"Bado," akajibu. "Donge liko kwenye kopo pale. Nilikuwa nasubiri video. Rafiki yangu ameniambia amenitumia, lakini bando limeniishia, haifunguki. Nikasema nisianze kwa kukisia, nikaja nikasahau kitu. Nilitaka nifanye kama mlivyosema, neno kwa neno." Akanitazama kwa matumaini. "Umekuja nayo?"

Nililia. Sikulia kistaarabu, nililia kwa sauti, nimekaa chini mchangani kando ya jiko la maharage, na mwenyekiti aliyefika wakati huo akadhani mabaya yametokea, naye akaanza kulia mpaka alipoliona kopo. Kisha akaanza kucheka. Binti alitutazama wote wawili kama watu waliorukwa na akili. Furaha ile sina namna ya kuipima. Nilishika miguu yake iliyovimba kidogo, nikawa naishika tu, na yeye akaniacha.

Nilipoweza kusema nilimwambia kwamba nilichoandika si kweli. Alimgeukia mwenyekiti kwanza, na mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Nikamweleza yote: moshi unapita kitambaa, unapita kanga, unapita hata ukilowesha mara mia, na kwa hali yake asikae hata karibu na anayechoma. Donge lichomwe ndani ya chombo chenye mfuniko, nje, na mtu mwingine.

"Kumbe," akasema. Kisha akafikiri. "Lakini wewe ndiye uliyeandika. Na sasa ndiye unayesema siyo. Mtu akiniuliza nitamwambia nimesikia wapi?"

Alikuwa na haki. Akanipisha kigoda chake, akakaa chini ukutani; nikasimamisha simu juu ya kigoda, nikaiegemeza kwenye sufuria tupu, nikakaa mwenyewe mbele ya simu, macho yamevimba, mchanga kwenye sketi. Sikuwa na karatasi. Niliwaamkia wazee, nikawasalimu wenzangu na wadogo, nikauliza wameamkaje, na nikasubiri. Kisha nikasema mimi ndiye niliyeandika maneno ya kitambaa, nilikosea, na mama huyu hana kosa. Mwenyekiti akaingia kwenye picha bila kuitwa, akaelezea chombo cha chuma kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, halafu akaonyesha mikono yake na kuiacha pale mbele ya simu kwa muda aliotaka yeye. Ilitoka dakika nne na kitu. Afisa alikuja kuniambia baadaye kwamba ni ndefu, nikamwambia iende hivyo hivyo, ikaenda.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Pale uani binti alisema, "Nirushie basi, hapa hapa, haihitaji bando." Tukaweka simu zetu mbili pamoja juu ya kigoda. Simu yake ilikuwa ya zamani na video ilikuwa nzito, ikawa inaingia polepole, na mimi sikunyanyuka mpaka ikaingia yote. Akaifungua, akaitazama tangu mwanzo mpaka mwisho, ingawa sisi wenyewe tulikuwa tumekaa mbele yake. Kisha akashika ukuta, akanyanyuka kwa taabu, akalitoa kopo dirishani na kumkabidhi mwenyekiti kwa mikono miwili.